Miti ya Marehemu

Jumapili, 5 Oktoba

Nesi wa zahanati ameniambia presha yangu imepanda, na kwamba mchawi wangu si chumvi, ni mdomo. Eti kila nikikasirika nisimjibu mtu papo hapo. Niandike kwanza, na nikishaandika nikiona bado nataka kusema, niseme. Nimenunua daftari. Ninavyojijua, litajaa kabla mvua haijaanza.

Basi naanza na leo. Mchungaji amehubiri juu ya kutunza uumbaji, akatutaja sisi wa Kamati ya Bustani kuwa mfano kwa makanisa mengine. Watu wakapiga makofi. Mzee Kiti akasimama akainama kama bwana harusi. Tunamwita Kiti kwa sababu yeye ni mwenyekiti wa kila kitu: wa wazee wa kanisa, wa kwaya ambayo haiimbi, na wa bustani. Bustani aliianzisha yeye. Muumini wetu akifariki, familia yake inampandia mkaratusi pale juu ya chemchemi na kupigilia kibao cha jina. Mkaratusi haukawii. Unaota, unanyooka, na mfiwa anaona kabisa kwamba mtu wake anapanda juu. Miaka imepita na watu wamekufa, na sasa ni kichaka kizima.

Wa mume wangu ni wa tatu kutoka kwenye bomba. Wenzetu wana makaburi na miti. Sisi tuna mti peke yake. Mgodi ulimfukia huko mbali alikokwenda kutafuta, yeye na wenzake, na wenye mgodi wakasema hawawezi kuwatoa. Mama mkwe, ninayeishi naye, huenda kuuona mti kila Jumapili baada ya ibada. Anaushika kwa kiganja, anasimama kidogo, kisha tunarudi nyumbani. Hatuongei njiani.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua hakuna. Nimeshona sare za kwaya mchana kutwa. Mnene wa sauti ya pili anasisitiza kwamba kiuno chake hakijabadilika.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku ya kunyweshea. Jumamosi zote za kiangazi, wanawake wa kamati tunachota maji kwenye chemchemi na kuinywesha miche ya waliokufa karibuni. Zamani bomba lilikuwa likitapika maji. Leo ni uzi. Chemchemi ni hii hii moja: sisi wa kanisani huku juu, wao wa msikitini kule chini, na mitaa yote ya katikati. Foleni ya madumu ilikata kona.

Mbele yangu alisimama mke wa muadhini, mteja wangu wa siku nyingi. Akaangalia ndoo zangu.

"Fundi, ndoo hizo zinakwenda wapi?"

"Kwenye miche."

"Miche ya nani?"

"Ya marehemu wetu."

"Na hao marehemu wanakunywa mara ngapi kwa siku? Maana mume wangu leo katia udhu kwa kikombe cha chai."

Foleni nzima ikacheka. Nilikuwa na jibu, kali kuwili. Nikalimeza kwa ajili ya nesi. Jibu lenyewe lilikuwa: sisi angalau tunapanda, nyinyi mnachota tu. Nimeliandika, nimelisoma, na sioni tena ukali wake ulikuwa wapi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mawingu asubuhi, jua saa nne. Mzee Kiti ameitisha kamati. Kwa kuwa chemchemi inapungua, anasema, tupande miti mara mbili zaidi, kwa sababu miti huleta mvua. Wote tukaitikia. Bwana misitu ataalikwa Jumapili atuahidi miche, na atupongeze.

Jumapili, 19 Oktoba

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Bwana misitu alifika kabla ya ibada, akapanda peke yake hadi kwenye chemchemi, akarudi na viatu vimejaa vumbi. Mchungaji akamkaribisha mbele. Mgeni akasimama, akauliza, "Mchungaji, niwapongeze au niwaambie ukweli?"

Mchungaji akacheka. "Vyote viwili, ndugu yangu."

"Haya. Hongera kwa kupenda miti. Lakini mti huu mliouchagua ndio unaoinywa chemchemi yenu. Watu huupanda mahali penye kinamasi ili pakauke. Ninyi mmeuzungushia mdomo wa maji."

Akaonyesha dirishani, kule juu.

"Zamani pengine chemchemi ingevumilia," akasema. "Ila mvua za siku hizi si zile. Zinachelewa, na zikija zinakuja kwa hasira, zinapita juu juu na kwenda zake. Maji hayapati muda wa kuzama. Kidogo kinachozama, miti inakivuta. Ushauri wangu ni mikaratusi ikatwe kabla mvua haijakolea, visiki vimenywe visichipue, magogo yalazwe kukingama mteremko, na mvua za kwanza zikute miche ya asili iko tayari. Mikuyu na jamii yake. Mkichelewa msimu huu, mwakani sijui mtachota nini."

Mzee Kiti akasimama. "Kwa hiyo wafu wetu ni wezi wa maji."

"Sikusema hivyo, Mzee. Nimesema miti."

"Kila mti pale una jina."

Bwana misitu akarudi kuketi. Nikamtazama Mama mkwe. Alikuwa ameinama anatafuta kitu mkobani. Alitafuta mpaka wimbo wa mwisho, na hakutoa kitu.

Leo alipoushika mti wake alikaa sana. Nilimwacha.

Jumanne, 21 Oktoba

Imamu na muadhini wamekuja ofisini kwa Mchungaji kuzungumza na kamati. Mimi ni katibu, nilikuwepo. Walivua viatu mlangoni, ikabidi Mchungaji naye avue, tukaiona soksi yake ilivyotoboka.

Nilikwenda nikiwa nimejifunga kibwebwe. Nilijua wamekuja kulaumu. Imamu akasema, "Hatukuja kudai. Tumekuja kuuliza tusaidie wapi. Wanawake wetu wameotesha miche ya asili nyuma ya msikiti tangu mwaka jana. Walitaka kupanda kando ya makaburi yetu. Wamesema mkiihitaji hapa, ichukueni."

Moyoni nikasema, huyu ana lake jambo. Hakuna mtu anayetoa miche bure. Mchungaji akasema tuliombee jambo hili. Muadhini akauliza, je, tukate lini? Mchungaji akasema tuliombee. Nampenda Mchungaji wangu, lakini leo alikuwa anarukaruka kama mtu anayevuka matope na viatu vipya.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimemweleza Mama mkwe yaliyosemwa. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua macho.

"Kwa hiyo ni yeye au maji?"

"Mama, bado hawajaamua."

"Mimi nimeshaamua. Kuanzia leo siyanywi maji ya pale."

Nilidhani ni maneno ya hasira. Jioni muuza maji amesimamisha toroli mlangoni na kumshushia dumu lake peke yake, maji ya mtoni, yenye rangi. Anayachemsha kwenye sufuria yake. Kikombe chake amekitenga na vyangu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Bomba limekauka. Wanawake wameteremka ndani ya kisima cha zege kinachokusanya maji ya chemchemi, wanachota kwa kata, mmoja mmoja, matope kwanza kisha maji. Hakuna aliyecheka leo.

Jumatatu, 27 Oktoba

Balaa. Mti mmoja umekutwa umemenywa gome kuuzunguka wote, kiasi cha kimo cha mtu. Mti ukimenywa hivyo haupati siku nyingi. Na si mti wa mtu yeyote tu: ni wa mke wa Mzee Kiti, wa kwanza kabisa kupandwa. Mtaani habari ni moja tu, kwamba ni watu wa chini. Nani mwingine ana kiu hivyo? Vijana wa kwaya, ambao mazoezini huwa hawafiki, leo walifika wote.

Na mimi niliamini. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikumbuka ile miche ya bure nikasema, ndilo hilo jambo la Imamu.

Jumanne, 28 Oktoba

Leo nimeona jinsi watu wanavyofikia kuuana, na haichukui muda.

Nilikwenda chemchemini asubuhi na dumu. Foleni ilikuwa imegawanyika, wa juu huku, wa chini kule, na katikati pamebaki wazi. Vijana wetu walikuja na fimbo. Wa kule nao walikuwa nazo, zimelazwa chini ya madumu. Mmoja wetu akasema waliomenya mti wajitokeze. Mmoja wao akajibu kwamba wafu wanaokunywa maji ya watoto wamenyeni wenyewe. Sauti zikapanda. Mke wa muadhini alikuwa ng'ambo ile. Akavuka pale katikati, akanishika mkono, akaniambia taratibu, "Usiondoke karibu yangu. Tukisimama wawili hapa wataona aibu."

Tukasimama. Sijawahi kuogopa hivyo. Kijana niliyemshonea kaptula yake ya kwanza ya shule alikuwa ameinua fimbo, na aliponitazama ni kama hanijui.

Ndipo akatokea Mzee Kiti, kavaa koti lake la Jumapili. Akapanda juu ya kifuniko cha kisima, polepole, na watu wakampisha wakidhani amekuja kuamuru.

"Ni mimi," akasema.

Hawakuelewa.

"Mti ni wa mke wangu, na nimeumenya mimi, kwa panga la nyumbani. Niliyewaambia mpande hapa ni mimi pia. Nilitaka yeye atangulie, ili nisimwombe mtu mwingine kitu ambacho sijakitoa. Halafu nikashindwa kulisema. Nikanyamaza siku nzima nikiwasikia mnawataja wengine." Akanyoosha mkono kwa vijana. "Wekeni hizo fimbo chini. Mnanitia aibu kuliko niliyonayo."

Wakaziweka. Wanawake wakaziokota kwa ajili ya kuni kabla wenyewe hawajabadili mawazo. Kwa miaka yote nimemwona mzee huyu kuwa mpenda makofi. Leo nimemshika mkono kumteremsha, na ulikuwa wa baridi.

Jumapili, 2 Novemba

Kura ya mikono, baada ya ibada. Mchungaji hakusema tuliombee. Aliuliza tu nani anakubali ikatwe.

Nimeinua mkono. Nilimwona Mama mkwe akigeuka na kuuona.

Jumatatu, 3 Novemba

Hajaniambia neno. Namsalimu shikamoo Mama, anaitikia ukutani.

Jumatano, 5 Novemba

Msumeno ameanza kazi. Ndivyo tunavyomwita fundi wa kukata miti, mtu wa maneno machache na kelele nyingi. Ujira wake ni magogo. Ndivyo tulivyopatana, kwa vile kamati haina kitu. Anaanzia juu anashuka. Kila familia inakuja mti wake ukifika, inang'oa kibao na kwenda nacho. Wengine wanalia, wengine wanapiga picha. Magogo yanapakiwa kwenye lori jioni hiyo hiyo.

Jumatatu, 10 Novemba

Mawingu. Joto la kufunga pumzi. Nyumbani kimya bado, vikombe vimetengana.

Jumatano, 12 Novemba

Nilikuwa nimeingiza uzi kwenye sindano Msumeno aliposimama mlangoni, maranda mpaka kwenye kope.

"Fundi, njoo umwondoe mama yako. Mimi nakata miti, sikati watu."

Nilimkuta ameketi chini, mgongo kwenye shina, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja zamu yake hospitali. Pembeni yote pamebaki visiki. Watu walikuwa wamesimama mbali, Mchungaji akiwa miongoni mwao.

"Mama, twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Mkono wako niliuona."

Presha ilipiga masikioni. Daftari lilikuwa dukani, na nesi hakuniambia la kufanya kama daftari liko mbali. Nikaketi chini karibu naye.

"Mimi nilikuwa mke wake, Mama," nikasema. "Nguo zake ziko sandukuni mwangu, sijampa mtu hata soksi. Unafikiri ule mkono ulikuwa mwepesi? Nilimpenda. Bado nampenda. Nimeuinua na roho inanitoka."

Msumeno alikuwa amezima mashine, na kilichosikika ni madumu ya watu kule kisimani yakigongana.

"Unajua kinachoniuma?" akasema mwishowe. Sauti hiyo sikuwa nimeisikia siku kumi. "Si kukatwa. Mti ni mti, mimi si mjinga. Kinachoniuma ni kwamba mwanangu hakubebwa. Mtu mzima, mwenye mke, mwenye kanisa lake, hakuna hata mmoja aliyemtia begani. Walimwacha mle kama chombo kilichovunjika. Na leo huyu bwana amkate vipande, ampakie kwenye lori na wengine aende kuuzwa awe mbao za choo."

"Unataka iweje?"

"Abebwe. Mzima mzima. Kwa mabega ya watu."

Nikainuka, nikamwendea Msumeno, nikamwambia gogo hili si lake. Akatazama chini, akatazama juu. "Hilo nalikata kwa mikono," akasema. "Mashine italipasua."

Kumbe ana maneno.

Alhamisi, 13 Novemba

Amebebwa.

Mti ulianguka taratibu, upande ule ule Msumeno alioahidi. Wakaparua matawi, wakakata ncha, likabaki gogo refu lililonyooka. Wanaume wetu wakaingia chini yake na kuliinua, lakini kilima ni kikali, na karibu na njia panda magoti yalianza kuwacheza. Mzee Kiti alitaka kuingia, wakamfukuza kwa heshima. Nikaona watalitua chini, na nikamwona Mama mkwe ameziba mdomo.

Wakati huo watu walikuwa wanapanda njia kutoka msikitini baada ya alasiri. Imamu akasimama. Akamuuliza Mchungaji ni nini, Mchungaji akamweleza, naye anaona haya kidogo.

"Sala ya gogo sisi hatuna," akasema Imamu. "Lakini kumsaidia mtu mzigo hakuhitaji fatuwa."

Akakunja mikono ya kanzu. Wenzake wakamfuata. Wana namna yao ya kubeba jeneza: huyu anaingia mbele, yule anatoka nyuma, wanapokezana kila hatua chache bila mtu kuamrisha, na mzigo hausimami. Wetu wakaishika namna hiyo. Ikafika mahali sikuweza kusema nani wa wapi, nikaona mabega tu. Mama mkwe alifuata nyuma, analia kwa sauti. Tangu habari za mgodi zilipofika sijamsikia akilia hivyo. Nililia naye, njia nzima, mbele ya wateja wangu wote.

Wamelilaza uani kwa kanisa, juu ya mawe, likafunikwa turubai. Mama anataka lizikwe kama mtu. Mchungaji amesema kitabu cha ibada hakina maziko ya gogo, itabidi aulize juu, kwa wakubwa wake. Amepanga Jumamosi ya wiki ijayo kama atajibiwa.

Mama amekula leo. Maji bado ni ya toroli.

Ijumaa, 14 Novemba

Manyunyu. Tumepanda miche ya wanawake wa chini, wote pamoja, matope mpaka kwenye viwiko. Mke wa muadhini ananikosoa ninavyoshika jembe. Sikujibu, na si kwa ajili ya nesi. Ni kweli sijui.

Jumanne, 18 Novemba

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi anga lilikuwa jeusi. Mchana ikaanza, na haikuwa mvua ya kuanza, ilikuwa ya kumwaga. Nilikuwa natoa nguo za watu dirishani niliposikia kengele ya kanisa, na siyo saa ya kengele. Nikafunga duka, nikapanda mbio.

Kilima kilikuwa kinateremka. Bila mikaratusi na kabla miche haijashika, maji yalikuwa yamechimba mfereji katikati, ukielekea moja kwa moja kwenye kisima. Matope yalishafika kwenye kifuniko. Chemchemi ikifukiwa, tumekata kila mtu wetu bure.

Bwana misitu alikuwa ametuonya tangu mwanzo tulaze magogo kukingama mteremko. Onyo hilo liko kwenye kumbukumbu za kamati, mwandiko wangu mwenyewe. Lakini tulikuwa tunahangaika na mioyo yetu, udongo tukausahau, na magogo tulimpa Msumeno. Yako yadini kwake, ng'ambo ya mto ambao saa hiyo haukuvukika. Watu walirundika matawi, yakachukuliwa. Wakarundika magunia, yakajaa maji yakapinduka. Msumeno mwenyewe alikuwa ndani ya mfereji anazuia kwa mlango wa mtu.

"Gogo," Mzee Kiti akawa anapiga kelele. "Gogo moja tu, hapa, juu ya kisima."

Sote tulijua liko wapi. Nilimwona Imamu akitazama uani kwa kanisa, kisha akatazama pembeni haraka. Mchungaji naye hivyo hivyo. Mimi mwenye mdomo, mimi niliyeandikiwa daftari kwa sababu ya mdomo, ulimi ulikuwa umenata. Ningemwambiaje mara ya pili?

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yetu, kanga yake imemganda mwilini. Alitutazama tusivyosema. Kisha akashuka uani kwa kanisa, sisi nyuma yake, akaivuta turubai mwenyewe.

"Mpelekeni."

"Mama," nikasema.

"Udongo ulimchukua na hakukuwa na wa kuuzuia. Leo auzuie yeye. Mpelekeni, mnangoja nini?"

Wakalibeba tena, safari hii kwa kukimbia, wanateleza, wanaanguka, wanapokezana. Wakalilaza kukingama mfereji juu tu ya kisima. Msumeno akapigilia vigingi kwa kisogo cha shoka. Maji yakalipiga, likatikisika, nikadhani linakwenda. Likakaa. Matope yakaanza kujaa nyuma yake, maji yakagawanyika, yakashuka kando.

Hapo Mama mkwe akapiga magoti na kuanza kusukumia udongo kwenye gogo kwa mikono yake. Nikapiga magoti kando yake. Mke wa muadhini akaja, Mzee Kiti akaja, kila mtu akawa anatia udongo mpaka gome halikuonekana tena. Mchungaji alikuwa amesimama kwenye matope mpaka magotini. Hakuuliza juu wala chini. Akainua mkono na kusema sala yote ya maziko, bila kitabu, kwa jina la mume wangu, kwa sauti ya kushindana na mvua. Imamu aliinamisha kichwa, maji yanamtiririka kwenye kofia, na hakuondoka mpaka ikaisha.

Mwanamume wangu amezikwa. Watu wamemtia udongo kwa mikono yao.

Jumatano, 19 Novemba

Tumelala mpaka jua kutoka, wote wawili. Miche mingi imechukuliwa na maji. Wanawake wa chini wanasema wanayo mingine.

Jumamosi, 29 Novemba

Maji ya chemchemi yalikuwa mekundu wiki nzima. Leo yana wingu tu. Msumeno ameleta magogo aliyokuwa hajayauza, akayalaza bila kuombwa. Ameondoka bila kusema kwaheri.

Alhamisi, 4 Desemba

Nesi amenipima mara mbili akidhani kipimo kimeharibika. Ameniuliza naandika kiasi gani siku hizi. Nikamwambia napunguza.

Jumapili, 7 Desemba

Bomba linatoka unene wa kidole gumba. Bwana misitu amekuja kuangalia, na hataki tushangilie. Anasema haya ni ya mvua, tungoje kiangazi ndipo tujue kama tumeiwahi chemchemi au tumechelewa. Ni kweli. Sitaki kujidanganya.

Baada ya ibada Mama mkwe akaenda pale pake, nami nyuma. Hakuna cha kushika kwa kiganja. Kuna tuta la udongo lenye majani machanga, na nyuma yake mkuyu mmoja wa wanawake wa chini, urefu wa mkono. Alisimama kidogo. Kisha, badala ya kugeuka, akateremka kwenye foleni. Mke wa muadhini akampisha mbele, akakataa, akangoja zamu yake kama watu wote.

Ilipofika akakinga viganja chini ya bomba. Akanywa. Akakinga tena, akanywa. Akajipangusa kidevu kwa kanga, akachukua dumu langu akalijaza, akanitwika.

"Haya," akasema. "Twende nyumbani."

Tumeongea njia nzima. Tuliyoongea siyaandiki, kwa sababu yote nimeshamwambia yeye.